Chupa Iliyokuja Imefunguliwa

Wewe unayesoma, jifanye tumeketi pamoja barazani kwangu, nami nakueleza polepole. Mahali usipoelewa nitarudia. Sina haraka.

Kwanza ujue desturi ya baa zetu za Kindu, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Chupa ya bia haikufunguliwa kaunta. Mama wa baa aliileta imefungwa, akaiweka mbele yako, ukaigusa kama imepoa, ukaitika, ndipo akang'oa kifuniko macho yako yakiona. Kisha alikirudisha kifuniko juu ya mdomo wa chupa, kikae pale mpaka umimine. Chupa iliyofunguliwa mgongoni mwako hukuinywa, hata ungekuwa na kiu namna gani. Watu waliogopa sumu, na hakuna aliyeona haya kusema hivyo.

Sasa niseme tulikuwa nani. Mimi nilikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya gari la moshi. Rafiki yangu mmoja alikuwa fundi wa karakana ya palepale, mtu mnene, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Wa pili alikuwa mshonaji, mtoto wa Waislamu wa mjini, mpole, mwenye kanzu safi siku ya Ijumaa na suruali safi zaidi siku ya Jumamosi. Jumamosi tulizunguka baa tatu za mtaa wa weusi, maana mji wa wazungu hatukuruhusiwa usiku bila karatasi.

Mwezi mmoja kabla ya usiku ninaotaka kukueleza, mpimaji wa mizigo aliyekuwa akiketi nasi aliitwa na mkubwa wa stesheni, Mbelgiji. Akasomewa maneno aliyoyasema baa, moja baada ya jingine. Wiki ile ile alihamishiwa Punia, mbali porini, yeye, mke na kuku wake. Na mimi, Jumamosi moja tu kabla ya usiku huo, bia ikiwa imenipanda, nilisema mbele ya meza kwamba mizani ya mkubwa hulemea upande wa mkubwa. Walicheka. Asubuhi nilikumbuka maneno yangu. Nyumba niliyolala ilikuwa ya kazi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Kama kulikuwa na mdomo wa kupeleka habari mezani petu, nilitaka kuujua kabla mimi sijaitwa.

Kwa hiyo usiku ule sikwenda kustarehe. Nilikwenda kuchungulia.

Baa ya kwanza ilikuwa na taa ya karabai na benchi mbili. Mama wa baa alitufungulia chupa zetu, mimi na fundi. Mshonaji aliinuka mwenyewe, akaenda kaunta, akarudi na yake. Ilikuwa wazi tayari.

"We mushonaji," fundi alisema, "mbona chupa yako inakuja uchi kama mutoto wa juzi?"

"Mama ule njo dada yangu, nilimushonea kanzu ya harusi. Weye, yaya, nani anakupenda mupaka akufungulie?"

Tulicheka; "yaya" kwetu ni ndugu mkubwa, na "njo" ndiyo "ndiye" yenu. Lakini niliona jambo jingine: sisi tulimimina kwenye bilauri, yeye alikunywa kwa mdomo wa chupa. Na baada ya chupa tatu macho yake yalikuwa meupe kama ya mtu aliyetoka kuoga.

Hapo nikaanza kuhesabu, kama mtu anavyohesabu akiwa na hofu. Nani huingia nyumba za wazungu kupima mapazia? Mshonaji. Nani huongea kidogo na kusikiliza sana? Mshonaji. Sisi tulikuwa na msemo: asiyelewa mezani ana kazi nyingine mezani. Baa ya pili ilikuwa na gramafoni, watu wakicheza rumba, vumbi limefika magotini. Tena aliinuka mwenyewe. Tena chupa wazi. Nilimnong'oneza fundi ninachokishuku. Fundi hakujua kunong'ona.

"Unasema njo yeye?" aliuliza, na meza ya jirani ikageuka.

Baa ya tatu ilikuwa karibu na mto, upepo wa Lualaba ukiingia kwa mlango wa nyuma. Mshonaji aliporudi na chupa yake, nilimnyang'anya mkononi. Nikanywa.

Ilikuwa chai. Chai kavu, baridi, haina hata sukari.

"Haya, ona!" fundi alipiga meza. "Tunakunywa bia, yeye iko nakunywa maneno yetu! Utuambie, bwana mukubwa anakulipa ngapi?"

Mshonaji hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alichukua chupa yake, akaifuta mdomo kwa kiganja.

"Mama yangu angali anasali," alisema. "Mie sijakunywa bia hata siku moja. Ningeketi hapa na limonadi, mungesema niko nasikiliza. Nikaomba mama wa baa anitilie chai katika chupa ya bia, na mumesema vilevile. Basi niambieni, ningeketi na nini?"

Alimuaga mama wa baa kwa heshima, akatoka.

Jumatatu nilikwenda kazini nikisubiri kuitwa. Karibu na saa nne nilisikia sauti ya fundi kutoka karakana. Alikuwa akiwasimulia wapakiaji kisa cha chai, na baada ya kisa cha chai akawasimulia maneno yangu ya mizani, neno kwa neno, hata akaniiga ninavyokohoa. Watu walikufa kwa kicheko. Mlangoni alisimama boi wa mkubwa, kikapu mkononi, akingoja samaki waliokuja na gari. Naye alicheka.

Nilielewa palepale. Hatukuwa na mpelelezi. Tulikuwa na rafiki mwenye sauti kubwa, aliyetupenda kiasi cha kurudia maneno yetu mbele ya watu wote.

Nilimvuta fundi kando nikamweleza taratibu. Alishika kichwa, akalia kama mtoto. Niliitwa siku ya pili. Nyumba iliniponyoka, lakini mwanangu alizaliwa salama, kwa shemeji yangu, ng'ambo ya mto.

Kabla sijaitwa, jioni ya Jumatatu ile ile, nilipeleka suruali kwa mshonaji, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kuomba radhi. Alinipima kiuno, akaandika, akasema, "Itakuwa tayari Alhamisi, bwana karani." Zamani aliniita ndugu. Nilimwomba radhi kwa maneno. Aliitikia kwa wema, na Jumamosi hakuja.

Basi wewe, ukiwakaribisha watu mezani pako, fungua kila chupa mbele ya mwenyewe. Na kama kuna asiyekunywa, mmiminie chai yake kwenye bilauri ya kioo, uiweke katikati ya bia, wote waione.