Nusu Niliyoinyima Mbegu

Huku Kitale wengi wetu hupanda mahindi kwenye vumbi. Mbegu huingia ardhini kabla ya mvua, ili tone la kwanza liikute pale. Ni kazi ya imani, na mimi imani yangu ilikuwa imetikisika. Mwaka uliotangulia mvua ilitudanganya: ilinyesha kidogo, mbegu ikaamka, jua likaichoma. Kwa hiyo mwaka huu, mke wangu alipoondoka kwenda Kabuchai kumuuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji, tuliagana kwa ubishi.

"Panda shamba lote, mzee," alisema. "Mungu aliahidi kwamba kupanda na kuvuna havitakoma. Yake ni mvua, yetu ni jembe."

"Na isiponyesha? Mbegu nyingine hatuna, na chakula cha mwaka mzima ndicho hicho."

"Si umpe nafasi basi."

Nikapanda. Nilipofika katikati ya shamba, vumbi limenijaa puani, jirani yangu akasimama kando ya ua.

"Mzee, unapanda ama unalisha kunguru?"

Nilicheka naye. Lakini alipoondoka nilitazama juu, nikaona mbingu nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa. Nikafunga mfuko wa mbegu na kuurudisha stoo. Nilijiambia hiyo ni busara. Jioni mke wangu akapiga simu kuuliza kama nimemaliza.

"Nimemaliza," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyoishi na Mungu tangu ujana wangu. Mkono mmoja unaomba, mwingine umeshikilia mfuko.

Pasaka ikakaribia, bado hakuna wingu. Nikaenda Kabuchai kumchukua mke wangu. Huko mvua ilikuwa imeshanyesha, mahindi yamefika kwenye vifundo vya miguu, na shemeji yangu alikuwa ameinuka kitandani, anatembea na fimbo. Walinichinjia kuku. Kwetu firigisi hupewa mwanamume anayeheshimiwa, si kila mtu huila.

"Shemeji, hiyo ni yako," alisema akinisogezea sahani. "Dada ameniambia. Ati mwaka huu wenzako wote wameogopa ukame, wewe peke yako umepanda shamba lote. Sisi huku tunakuombea kila asubuhi."

Niliiweka mdomoni. Nikaitafuna na kuitafuna, haikushuka. Mwishowe niliitoa, nikaishika mkononi mbele ya wale wanawake wawili.

"Nilipanda nusu," nikasema. "Niliogopa. Halafu nikadanganya."

Shemeji akaisogeza sahani tena mbele yangu.

"Basi kula nusu. Nusu nyingine rudisha kwa sufuria."

Wakacheka, mke wangu naye akiwemo, mpaka mgonjwa akashika mshono wake. Mimi sikuweza kucheka. Akilini niliona tukirudi kwenye nusu iliyokufa na nusu ambayo haikupandwa kabisa.

Tulikaa huko siku kadhaa zaidi, tukingoja shemeji apate nguvu. Asubuhi moja jirani akanipigia simu.

"Mzee, imenyesha vizuri. Kunguru wako watalala njaa."

Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwenye miwa, ili wasinione nikilia.

Tulipofika Kitale wiki moja baadaye, mke wangu hakuingia ndani. Alienda moja kwa moja shambani na viatu vyake vya safari, mimi nyuma yake. Upande niliopanda, mistari ilikuwa imechipuka, miche imenyooka kama sindano. Upande wa pili haukuwa na kitu. Lakini nilipoinama na kutia kidole pale, udongo ulikuwa umelowa sawasawa na ule mwingine. Mvua haikuchagua. Ilinyesha hata kwenye nusu niliyoinyima mbegu. Mungu hakunipimia kwa kipimo cha imani yangu. Angenipimia hivyo, tungelala njaa.

"Mfuko uko wapi?" mke wangu akauliza.

"Stoo."

"Ulete. Mahindi haya ya kuchelewa tutakuwa tukiyachoma mabichi wakati yale ya kwanza yamekauka."

Alivua viatu, akajifunga leso kiunoni. Yeye alichimba mashimo, mimi nikamfuata nikidondosha mbegu na kufukia kwa mguu, matope yakinipanda hadi magotini. Tulipofika mwisho wa mstari wa mwisho, niliugeuza mfuko juu chini nikaukung'uta, mpaka hakuna kilichobaki.