Majalada ya Katuni Zangu

Kwa miaka mingi nilikataa kuwaazimisha watoto wa jirani yangu, Mama Zaina, vitabu vyangu vipya vya katuni. "Vitapanda bei," niliwaambia, hadi wakaacha kubisha hodi. Nyumba ikawa kimya. Kila kitabu nilikifunika kwa karatasi kuukuu, kama tunavyofunika madaftari ya shule, nikakifungia sandukuni.

Juzi akaja mnunuzi kutoka Kinshasa. Nikavaa koti langu la harusi, nikamwita Mama Zaina ashuhudie.

Mgeni alivipekua upesi. "Papa, hivi viko vingi. Kila mutu alinunua, kila mutu alificha." Kisha akalisogeza jalada moja kwenye mwanga. "Lakini hii karatasi njo nini?"

Ulikuwa ukurasa wa katuni ya miaka ya vita, iliyochorwa kwa mkono hapa Kindu. Wakati ule nyumba yangu ilijaa wakimbizi, nasi tulisomeana katuni ile mpaka ikachakaa.

"Njo hii, ndiyo hii ninatafuta!" akasema mgeni. "Nani aliikata?"

Nikainamisha kichwa.

"Ni yeye mwenyewe," akasema Mama Zaina, "tena na makasi yangu. Alikuja kuazima, mimi sikumukatalia."