Ukurasa wa Tisa wa Faili la Baba Nayif

Kitendawili! Nyumba imejaa watu, kila mmoja anataka kutoka, mlango umekwama. Umeshindwa? Toa mji, basi, uambiwe.

Ni kichwa cha mtu aliyepigwa na kiharusi, maneno yake yote yakabaki ndani. Na Rudaina Obeidat, mtaalamu wa tiba ya usemi, ana miaka kumi na mmoja anausukuma mlango huo.

Leo, saa tatu na robo asubuhi, zamu ya kusema ni yake.

Amesimama mbele ya jopo la wataalamu watatu mjini Amman. Haruhusiwi kushika hata karatasi. Ana dakika arobaini za kueleza kwa mdomo kisa cha mgonjwa mmoja: alimkuta vipi, alimpima vipi, alimtibu vipi. Faili wanalo wao mezani. Akipita, anakuwa bingwa wa matatizo ya usemi yanayotokana na maradhi ya ubongo. Akianguka, atasubiri miaka miwili.

Dakta Samar, mkuu wa jopo, anafungua ukurasa wa tisa.

"Bi Rudaina, wiki ya tatu mgonjwa ana maneno sita. Wiki ya nne hana hata moja, na wewe umeandika 'haelewi anachoambiwa'. Siku hiyo kulitokea nini?"

Rudaina anajua vizuri sana kulitokea nini.

Mgonjwa mwenyewe ni Baba Nayif, mfugaji wa kondoo kutoka jangwani, upande wa Mafraq. Mwanawe alikuwa akimleta kwa pikapu hadi hospitali ya Irbid, saa mbili kuja, saa mbili kurudi, kwa nusu saa ya tiba. Chumba cha Rudaina hakina dirisha, na hupokea wagonjwa kumi na wanne kwa siku.

"Nilitaka ajisikie yuko kwake," Rudaina anajisimulia moyoni. "Nikapika kahawa chungu yenye iliki, nikaja nayo na birika lake."

Akammiminia mzee. Mkono wa ukarimu huo, kikombe kikajaa mpaka ukingoni.

Baba Nayif alikitazama kikombe. Akamtazama Rudaina. Akakiweka chini sakafuni, taratibu, bila kumwaga tone, akageukia ukutani. Siku hiyo hakutoa sauti. Wala wiki iliyofuata, wala ile nyingine. Rudaina akaandika alichoandika, na mzee akapelekwa kupigwa picha ya kichwa upya, watu wakihofia kiharusi kimerudi.

Picha ilikuwa safi. Rudaina alipotaka kulifunga faili, Mama Nayif, mke wa mzee, akamvuta pembeni.

"Mwanangu, nikuulize bila kuudhiana. Wewe ulimjazia kahawa?"

"Nilimjazia, mama. Si nilimheshimu?"

"Ulimheshimu! Kwetu mgeni anatiliwa funda moja, akitaka zaidi anaongezwa. Ukimjazia umemwambia kunywa uende zako. Mume wangu ametukanwa na msichana wa mjini, tena kwa tabasamu! Ulitaka akuimbie?"

Rudaina alikaa kitini. Mtu asiyeelewa angetukanika vipi? Mzee alikuwa ameelewa kila kitu.

Alipika kahawa nyingine. Safari hii alitia funda moja tu. Baba Nayif akanywa, akanyoosha mkono. Akaongezwa. Akanywa ya tatu, kisha akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Halafu, kwa mdomo uliopinda upande, akimnyooshea Rudaina kidole, akasukuma neno moja likatoka:

"Mjini!"

Mama Nayif alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Leo mzee ana maneno zaidi ya mia mbili, na mengi, kwa ushahidi wa mkewe, ni ya kugombana naye.

Juzi Hanin, anayefanya kazi na Rudaina, alimkalia kooni. "Sema mgonjwa alichoka! Nani atajua? Unakwenda kutafuta ubingwa au kujishtaki?"

Hospitali imemwahidi Rudaina kwamba akiupata ubingwa huo atafungua chumba cha tiba Mafraq, ili watu wa jangwani wasisafiri saa nne kwa nusu saa. Ana majina thelathini na moja yanayongoja.

"Mmoja wao ni mama wa watoto watano," anajiambia moyoni. "Anawaita wote kwa jina moja. Huyo nikimfikiria silali."

Mtaalamu wa jopo aliyekaa kushoto anatazama saa ya ukutani.

"Bi Rudaina," Dakta Samar anarudia, polepole. "Kulitokea nini?"

"Nilimfukuza, daktari," anasema Rudaina. "Nilimfukuza kwa kahawa, halafu nikaandika kwamba yeye ndiye haelewi."