Mbingu Yote Hii, Nitagonga Nani?

Jumamosi, kwenye klabu ya ndege zisizo na moteri, nje kidogo ya Lubumbashi, nilimkuta pilote akibishana na mama msimamizi juu ya kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni. Kisanduku hicho hulia ndege ingine ikikaribia. Amri mpya inasema: bila mise à jour, yaani kukitia programu mpya, hakuna kuruka.

"Mama, mbingu yote hii, nitagonga nani?" Alinyoosha mikono miwili kama padri kwenye misa.

Mama alichomeka clé USB kwenye kisanduku bila kuinua kichwa. "Kisanduku ya mwenzako mwenye ameshapanda iko na programu mpya. Yako haiwezi kuisikia. Ngoya, papa."

Alingoja amenuna, kisha kamba ya mashine ikavuta ndege yake juu. Moyoni nilimpa haki pilote. Sikujua kwamba ndege bila moteri hupanda kwa hewa ya moto, na siku ile hewa hiyo ilikuwa pahali pamoja tu, penye moshi wa majani yaliyochomwa. Mwenzake alikuwa ameshafika hapo, anazunguka.

Ghafla ndege moja ikageuka kwa nguvu, ingine ikapita juu yake. Mama alishika kichwa.

Aliposhuka, pilote alikaa kwenye majani. "Kimelia, nikageuka, nikaona tumbo ya ndege yake." Mwenzake alikuja mbio, wakakumbatiana, wakacheka kama wendawazimu.

Mbingu ni kubwa kweli, ila sote tunakimbilia moshi ule ule.

Pilote alimwendea mama, kofia mkononi, mpole kabisa: "Mama, mise à jour ingine itakuya siku gani?"