Mzizi Aliochemsha Nyanya

Leo nikipalilia viazi Kuresoi, jembe lilikata mzizi, na harufu yake kali ikanirudisha jikoni kwa nyanya. Baba alikuwa ametoka vitani, hasemi wala halali. Nyanya alimchemshia mzizi wenye harufu hiyo, akaketi naye mchana kutwa huku baba akizungumza na wenzake waliokufa, akilia. Jioni baba aliomba chai, akanitania kwa mapengo yangu.

"Njoo nikuonyeshe majani yake," nyanya aliniambia. "Uko mwingine unaofanana nao, na huo unaua."

"Mimi nimeokoka, nyanya."

"Haya, mtakatifu. Basi lete kuni."

Nilileta kuni.

Sasa mwanangu amerudi kutoka jeshini, naye halali. Mzizi wa leo niliuosha, nikaunusa tena na tena, kisha nikautupa chooni.