Redio Iliyogoma Kukamata

Shangazi si shangazi yangu. Ni shangazi wa Mdomo, mtoto tuliyembandika jina hilo kwa wingi wa maneno, lakini alivyokuwa akimwita kwa sauti ya kuamsha mtaa, jina likamganda, na sisi tunaoshona naye kibarazani tukalichukua bila kuomba. Cherehani yangu iko ubavuni mwa yake. Haya sikuhadithiwa, nimeyaona, na hasira niliyo nayo ni yangu mwenyewe.

Mdomo aliletwa kwake akiwa bado anakojoa kitandani, baada ya kaka yake Shangazi kufariki. Wakati huo kulikuwa na mchumba. Mchumba akasema anamtaka yeye, si yeye na mzigo. Shangazi akamwonyesha mlango, kisha akarudi kwenye cherehani kumalizia pindo la mteja. Alimlea yule mtoto kwa sindano na uzi mpaka akavuka kwenda ng'ambo kusoma.

Huko ulimi ukampatia kazi. Akaanza kutangaza kwenye redio ya mtandaoni, kipindi cha vichekesho, kila Jumamosi mchana. Akamtumia Shangazi anwani kwenye simu. "Bonyeza hapa tu, Shangazi. Anwani nyingine achana nazo, hazifunguki kwa simu za huko kwenu."

Basi kila Jumamosi Shangazi ananawa uso, anaweka simu kati ya chaki na mkasi, anabonyeza. Kiduara kinazunguka. Kinazunguka mpaka kipindi kinaisha, na yeye bado ameinama, mguu umesahau pedali. Hakutaka kingine duniani ila kumsikia mtoto wake redioni.

Jioni Mdomo anapiga. "Umenisikia?"

"Inazunguka tu, baba."

"Zima simu, uiwashe tena."

Anazima, anawasha. Jumamosi nyingine anaambiwa mtandao ni dhaifu, apande juu. Na magoti yake yale mabovu akapanda ngazi mpaka kwenye kamba za nguo. Mara aifute programu aiweke upya. Mara anunue bando kubwa zaidi. Mwisho akaambiwa labda spika imejaa vumbi.

Hapo ndipo ufundi wetu ulipotuponza. Kwetu chombo kikigoma kinapigwa brashi na kutiwa mafuta. Shangazi akaisugua simu kwa brashi ya cherehani, kisha, na mimi nikimshikia, akatia tone la mafuta kila tundu. Simu ikakoroma, ikanyamaza kabisa.

Tukavuka barabara hadi kwa fundi simu. Akaifungua, akainusa.

"Mama zangu, hii simu mnaipigia au mnaikaangia?"

Akaisafisha, ikafufuka. Shangazi akamwomba, maadamu ni Jumamosi na saa imefika, amtazamie na ile redio. Fundi akajaribu redio nyingine, ikaimba. Akajaribu ya pili, ikaimba. Akabonyeza anwani ya Mdomo, kiduara kikaanza safari yake.

"Simu nzima, mtandao upo," akasema. "Hii anwani ndiyo imekufa, tena zamani. Hata ukipanda mnara hutasikia kitu. Nani kakupa?"

"Mwanangu," akajibu Shangazi. "Labda amesahau."

Fundi akaitafuta redio kwa jina lake, akabonyeza mara moja tu. Sauti ya Mdomo ikajaa kibandani.

"Ni yeye!" Shangazi akanibana mkono. "Msikie! Msikie mtoto!"

Tukamsikia. Alikuwa anasimulia kisa cha Bi Bahili, mama aliyemlea. Akamwiga anavyolamba uzi, anavyoguna akiinuka, anavyookota vipande vya vitambaa sakafuni. Akafika kwenye kaptula ya shule, mbele buluu, nyuma kahawia. "Walimu walikuwa wakitazama rangi ndipo wajue kama naenda au narudi!" Mtangazaji mwenzake akacheka mpaka akakohoa. Wasikilizaji wakapiga simu wakitaka kingine cha Bi Bahili, kama kile cha wiki iliyopita.

Fundi naye alicheka. Kisha akamwona Shangazi ameshika uzi mdomoni, kama alivyozoea, akapunguza sauti ya redio.

Ile kaptula naijua. Kitambaa cha buluu hakikutosha, na shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake. Ile kahawia ilikuwa gauni alilojishonea siku za yule mchumba, hajalivaa hata mara moja. Mimi ndiye niliyemshikia akilikata. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hajasomeshwa na mtu.

"Anaiga vizuri," Shangazi akasema. Akachukua simu yake, tukavuka barabara.

Nilimwambia Mdomo akipiga ampe vidonge vyake. Nilimwandalia na maneno, maana ninayo. Alikuwa anafumua mshono ambao haukuwa na kasoro.

Jioni simu ikaita, akaiweka sauti kubwa juu ya cherehani.

"Shangazi, leo imekamata?"

Akaitazama simu. Nikamkazia macho aseme.

"Bado, baba. Inazunguka tu."

Mdomo akashusha pumzi. Niliisikia waziwazi ile pumzi ya mtu aliyepona. "Pole, Shangazi wangu. Jaribu tena kuzima na kuwasha."

"Haya, baba."

Akaizima. Tulifunika cherehani, tukafunga mlango, tukaagana, na hakuwa ameiwasha.