Njia ya Kwenda kwa Bi Mwanaesha

Iko siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka magoti yangu hucheka kabla ya mdomo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati limenyooka, nywele nimezipaka mafuta mpaka nzi akitua anateleza. Nakwenda kuposa. Au tuseme nakwenda kukaguliwa, maana kwetu Amu, Lamu mnayoiita siku hizi, baba wa binti akikukubali bado hujakubaliwa, mpaka shangazi yake akuone.

Na shangazi mwenyewe hakai Amu. Bi Mwanaesha aliolewa bara, huko bondeni, kabla hujafika Witu. Unavuka kwa mashua mpaka Mokowe, unapanda basi, unashuka kituoni penye duka moja na mbuzi kumi, halafu unatembea kwa miguu saa moja na nusu. Bonde lile mnalijua. Nawaona siku hizi kila Jumamosi mnapanda basi na mabegi mgongoni na viatu vizito, mnasema mnakwenda kufanya haikingi. Sisi tulikuwa tunaita kwenda kwa shangazi.

Baba wa binti, wa huyu Khadija wangu, alikuwa Bwana Athmani, mchonga milango wa Langoni. Mtu mfupi, lakini akikutazama unajiona wewe ndiye umepungua. Aliniita barazani kwake akaniuliza neno moja tu.

"Ndia ya bondeni unaijua?"

Sasa mimi wakati ule nilikuwa makanga wa basi. Kituo kile nilikuwa nashusha watu kila siku ya Mungu. Nawafungulia mlango, nawateremshia magunia, nawaambia nendeni salama. Wakishaingia vichakani, mimi sijui wanakwenda vipi, pengine wanaruka. Lakini utamwambiaje baba wa Khadija kwamba hujui?

"Bondeni, Bwana Athmani? Nifunge macho nikufikishe. Nikubebe mgongoni nikufikishe pia."

"Kunibeba si lazima," akasema. "Dada yangu alitaka kumtuma mtu atupokee kituoni. Nitamwambia asisumbuke, nina kijana anayejua. Atakuona, na sisi tukirudi nitakupa jibu lako."

Miguu ilitaka kurudi nyumbani, mwanangu, lakini mdomo ukabaki unatabasamu. Ndivyo ulivyokuwa mdomo wangu, ulikuwa haushauriani na mwili wote.

Tukashuka basi asubuhi mapema. La mwisho la kurudi lilikuwa likipita saa kumi. Nikatangulia mimi, kifua mbele, Bwana Athmani nyuma na kopo lake la halua ya kumpelekea dada. Hatujakwenda mbali tukakutana na bwana mmoja anasukuma baiskeli yenye madumu ya maji. Kwetu salamu haifupishwi. Tukamuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za shamba, za watoto, za mvua. Tukajua hata ng'ombe wake yupi anakohoa. Tukaagana vizuri, akaenda zake. Mbele tukamkuta mama na kikapu cha maembe kichwani, salamu zikawa ndefu kuliko zile za kwanza, mpaka akatupa embe moja moja. Halafu tukakuta wazee wawili wanatengeneza ua. Watu wanne, mwanangu. Tumewauliza kila kitu alichoumba Mungu isipokuwa njia.

Mimi sikuuliza kwa sababu nimeshasema najua. Bwana Athmani je? Ngoja.

Tukafika njia panda. Upande mmoja kinjia chembamba, kimefunikwa na nyasi, hata sungura angekipita kiubavu. Upande wa pili njia pana, safi, udongo umelainika kama sakafu. Ina mifuo miwili sambamba na nyasi kidogo katikati, utasema mkokoteni umepita hapo miaka mia. Na mavi, njia nzima.

Sasa mtu wa Amu akiona mavi njiani, moyo wake unatulia. Sisi tumelelewa na punda. Punda wetu ukimtua mzigo anarudi nyumbani peke yake, anakata vichochoro, anasimama mlangoni kwake anasubiri afunguliwe. Ukimfuata punda huna haja ya kuuliza, mwisho wa safari utakuta nyumba na mtu na pengine chai.

"Ni hii," nikasema. "Punda wao wamepita asubuhi hii."

Bwana Athmani akainama, akatazama kama anavyotazama ubao kabla ya kuuchonga. "Hii hii," akasema. "Naikumbuka."

Tukaifuata. Mbele kidogo nikaona yale mavi hayako chini tu. Yamerushwa juu ya vichaka, yamefika kiunoni.

"Punda wa huku warefu," nikasema.

"Wanakula vizuri," akanijibu Bwana Athmani.

Nakuapia, wanaume wawili wazima tulisema maneno hayo bila kucheka. Tukaendelea kushuka, udongo ukawa matope, matope yakafika kwenye vifundo vya miguu, halafu magotini. Njia ikatuingiza katikati ya mikindu na matete, ikatutoa penye ziwa dogo la maji ya kahawia, ikaingia majini ikaishia humo. Hakuna nyumba, hakuna punda, hakuna chai.

Mawe yaliyokuwa majini yakafungua macho.

Halafu moja likafungua mdomo. Mwanangu, mdomo ule ungeingiza mkokoteni na punda wake na mwenye punda, na bado pakabaki nafasi ya abiria wawili. Meno kama miguu ya kitanda. Kiboko akapiga miayo, akafunga, mvumo ukanifika tumboni, akaanza kutembea kuja nchi kavu. Anapita njia yake, ile ile tuliyosimama sisi, na sisi tumeiziba na kopo la halua.

Bwana Athmani akanishika mkono. "Sasa tunapita wapi?"

Hapo nikatafuta uongo, wallahi niliutafuta. Mimi nilikuwa na uongo wa kila aina, wa kiangazi na wa masika. Siku ile sikuona hata mmoja.

"Sijui, Bwana Athmani," nikasema. "Sijui tuko wapi. Tangu tulipoteremka basi sijui. Sijapita huku hata siku moja, mimi mwisho wangu ni mlango wa basi. Nisamehe, binti yako nimemkosa, lakini wewe nenda nyuma yangu, akianza aanze na mimi."

Sauti ikatoka juu ya ukingo, ya mwanamke, kali.

"Tokeni kwenye ndia yake. Msikimbie. Pandeni huku kushoto, taratibu, na nyamazeni."

Tukapanda kwa mikono na magoti. Kiboko akapita tulipokuwa tumesimama, akachungulia vichaka, akatikisa mkia akarusha mavi yake huku na huku, ndipo nikaelewa ule urefu wa punda. Akarudi majini.

Juu ya ukingo alisimama bibi mrefu na fungu la ukindu kwapani, amekuja kuukata wa kusukia mikeka. Bi Mwanaesha mwenyewe. Nami ndivyo alivyoniona mara ya kwanza, mafuta ya nywele yamechanganyika na tope, nusu ya matete ya bonde lile yako ndani ya shati langu.

"Athmani," akamwambia kaka yake, "utotoni ulikuja kwangu bonde hili kila likizo. Hukuikumbuka ndia?"

"Imebadilika," akasema Bwana Athmani, sauti ndogo.

"Mlikutana na watu?"

"Wanne."

"Mkawauliza?"

Bwana Athmani akaanza kufuta tope kwenye kopo lake. Bi Mwanaesha akatutazama mmoja mmoja. "Wanaume wawili wa Amu. Mnayo maneno ya kujaza kisima, na lile moja la kuwafikisha kwangu hamkulitoa. Kila mmoja anamwonea haya mwenzake. Mngelikufa na haya zenu, nami ningekwenda kumwambia nini Khadija?" Kisha akanigeukia. "Na wewe nimekusikia ukisema hujui. Umechelewa, lakini umesema. Huyu kaka yangu mpaka sasa anangoja."

Tulikula kwake wali na samaki wa maji baridi, akacheka mpaka akalia. Kurudi hakutusindikiza. Alisema ulizeni. Basi nikauliza, mwanangu. Nilimuuliza kila tuliyemkuta, na njia yenyewe ilikuwa wazi mbele yetu. Nilimuuliza hata bwana aliyekuwa juu ya mnazi, akanielekeza kwa mguu. Tukalipata basi limeshawasha injini.

Tulipoketi, Bwana Athmani akanigeukia. Halafu akasema, "Nimekupa Khadija."

"Hata baada ya kiboko?"

"Kwa sababu ya kiboko. Mimi nilijua pale njia panda kwamba sikumbuki kitu, na nikashindwa kusema mbele yako. Wewe ulisema mbele yangu. Tena binti yangu anajua kila jambo, utamwona. Akipata mume anayejua kila jambo, nyumba itaungua."

Yuko ndani hapo Khadija, anasikia, na atakwambia nimeongeza chumvi. Aseme. Yeye hakuuona ule mdomo.

Sasa sikiliza, wewe unayekwenda kesho. Simu yako ichukue, ramani yake nzuri, lakini haijui nani aliyeikata njia wala anaitumia saa ngapi. Ukishuka basi, uliza pale pale dukani, kabla ya hatua ya kwanza, wakati bado huna cha kuficha. Wasalimie watu salamu nzima, usiwafupishie, kisha usiwaache waende kabla hujauliza. Njia ikiwa pana na safi, usiifuate kwa uzuri wake, uliza ni ya nani. Na ukiwa umeongoza wenzako na moyo ukakwambia hujui, sema papo hapo, ukiwa bado kwenye nchi kavu. Aibu yake ni ya dakika moja, nimeionja, haiui mtu.

Nenda, mwanangu. Mola akutangulizie watu wema kila penye njia panda, akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na masikio ya kusikia jibu, na akurudishe kwa mamako mzima, una njaa, na una kisa cha kunishinda mimi. Amin.